Sura ya tatu imerudi mara ya pili: nyie mlijifunzaje mbinu za utafiti?

ChakiMkononi

Wadau, habari zenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa 14 huu kazini, na sasa nasomea shahada ya uzamili ya elimu. Sura mbili za mwanzo za tasnifu yangu zilipita bila kelele. Ya tatu, ya mbinu za utafiti, ndiyo imerudi tena.

Mada yangu: "Mambo yanayoathiri uelewa wa kusoma kwa wanafunzi wa darasa la nne". Walengwa ni wanafunzi 300 wa shule tatu, mojawapo ninayofundisha. Niliandaa hojaji ya maswali 42 kwa walimu, nikaijaribu kwa walimu 20 wa kwingine, alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha maswali yanavyokwenda pamoja, ikikaribia 1 ndiyo nzuri) ikatoka 0.91. Nikashangilia. Msimamizi kaandika sentensi moja pembeni: "Hii inapima maoni ya walimu, uelewa wa wanafunzi uko wapi?"

Nimesoma vitabu viwili vya mbinu za utafiti, jalada hadi jalada. Aina za sampuli naweza kuzitaja hata usingizini. Ila nikitakiwa kueleza kwa nini nimechagua hii nikaacha ile, kalamu inagoma.

Mkokotoaji

Mwalimu, usijitese. Fungua jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, lile linalokuambia uchukue watu wangapi kati ya walengwa wako: watu 300, sampuli 169. Wape hao 169 mtihani wa ufahamu, walimu wape hojaji yako, tafuta uhusiano wa alama na majibu, kazi imekwisha. Alfa unayo tayari. Wengi wanaridhika na 0.7, wewe una 0.91 unalalamika nini?

Mama_Tasnifu

Mkokotoaji, taratibu ndugu yangu. Jedwali lile linadhani unamchagua mtu mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Shuleni tunafanyaje? Tunaingia, tunachukua mkondo mzima. Watoto wa mkondo mmoja wamefundishwa na mtu yule yule, basi wanafanana, na 169 wa namna hiyo hawakupi habari nyingi kama 169 waliookotwa huku na kule. Halafu walimu wanaowafundisha hao watoto ni wangapi, saba? Utatafuta uhusiano wa kitakwimu kwa walimu saba?

Alfa nayo isikulevye, mwalimu. Inakuambia maswali yako yanakwenda pamoja, basi. Haisemi yanapima ulichokusudia. Na hupanda kadiri maswali yanavyoongezeka: ukiuliza jambo lile lile kwa maneno saba tofauti, lazima ikupendeze.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilisambaza hojaji 120 kwa wanafunzi, ndani yake mna kauli: "Mwalimu wangu hufundisha vizuri na hunisaidia nikikwama." Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Anafundisha vizuri lakini hasaidii, niweke wapi alama?" Wenzake walishaweka. Majibu 120 ya kauli ile sikuweza kuyatumia, maana sijui nani alijibu nusu ipi. Ningeijaribu kwa watoto watano tu siku moja kabla, ningeokoka. Na kujaribu hojaji si kukokotoa alfa. Ni kukaa na mtu, unamwuliza, "Hapa umeelewa unaulizwa nini?"

Kilichonifungua macho ni karatasi moja. Niliikunja safu nne: swali la utafiti, nikiona nini nitajua nimelijibu, nani anacho, nitakipataje. Kisha nikachukua hojaji yangu, kila kauli nikaitafutia mahali kwenye karatasi. Iliyokosa mahali, nikaikata. Fanya hivyo na zako 42, utaona damu. Lakini safu ya kwanza haitajazika na mada uliyonayo, kwa sababu "mambo yanayoathiri" si swali, ni gunia. Wewe mwenyewe, miaka 14 darasani, ni kitu gani kuhusu kusoma kinakukera hujapata jibu lake?

ChakiMkononi

Kuna watoto wanasoma kwa sauti vizuri kabisa, vituo wanazingatia, ukiwauliza hadithi ilihusu nini wanakutazama. Nataka kujua wanafanya nini kichwani wanapokutana na neno wasilolijua.

Mama_Tasnifu

Haya, niambie sasa: katika zile 42, mwalimu gani angekujibia hilo?

Kimyakimya

Hapo unahitaji watoto wachache, wasome huku wakikueleza wanachofikiria, na uwarekodi. Ila nina neno. Mojawapo ya shule ni yako. Mzazi atasaini ridhaa, sawa, lakini mtoto naye lazima aulizwe, na mtoto wa darasa la nne atamkatalia vipi mwalimu wake? Tumia shule mbili zile nyingine. Kamati ya maadili itakuuliza hili kabla ya lingine lolote.

ChakiMkononi

Shule yangu nimeiondoa. Sikuwa nimeliwaza kabisa, nilikuwa naiona kama urahisi.

Jana usiku nimefanya zoezi na binti yangu wa darasa la tano. Si data, nilitaka tu kuona mkono wangu unakaaje. Kasoma kifungu bila kukwama hata mara moja. Ndani yake mlikuwa na neno "fukara". Nikamwuliza ulipofika hapa ulifanyaje? "Nimelisoma." Maana yake? "Sijui." Hukujiuliza? Akanijibu kama ananionea huruma: "Baba, nikisoma kwa sauti huwa sisikilizi, nasoma."

Karatasi ya safu nne nimeijaza. Kati ya 42 yamebaki maswali sita, na hayo sita ni ya kuwauliza walimu ana kwa ana. Mada nimeiandika upya, nampelekea msimamizi Jumatatu.

Swali dogo: dakika 11 za kurekodi zimenichukua karibu saa mbili kuziandika neno kwa neno. Ni kawaida? Na zile sehemu alizonyamaza niziruke?

Mkokotoaji

Saa mbili kwa dakika 11? Ndiyo maana mimi nilikimbilia namba.

Mama_Tasnifu

Ni kawaida, utaongeza kasi kidogo. Usiruke kimya. Andika kwenye mabano ni sekunde ngapi, na alikuwa amefika neno gani.