AMESAINI KWENYE SIKIO! Huyu mchoraji wa sura nusunusu sasa amevuka mpaka

Turubai Kavu
Wakuu, nimetoka kuiangalia ile picha mpya sasa hivi na damu inachemka. Sina haja ya kumtaja, wote mnamjua: yule wa jicho moja lenye kope zote na shavu la pili jeupe pe, yule wa "nimeiacha ipumue". Safari hii kachora mama mtu mzima, kichwa kimegeuka robo tatu. Paji la uso limekaa, jicho la mbele linang'aa, mdomo umetulia. Unafuata shavu kwenda nyuma, unafika mahali pa sikio, unakuta SAINI. Jina lake. Jekundu. Herufi kubwa kuliko mdomo wa mama wa watu!

Na sikio lilikuwepo. Ivute picha karibu utaona mistari ya penseli iliyofutwa ovyo, kifutio kimeacha uchafu wa kijivu juu ya jeso, ule mpako mweupe wa kuandaa turubai. Alilianza, likamshinda, akalifuta, akaandika jina lake juu ya kaburi lake. Alipoulizwa sikio liko wapi akajibu: "Atalimalizia mtazamaji."

Mtazamaji! Kwa mwendo huu kazi ijayo itakuwa fremu na saini, kichwa tumalizie sisi.

Sikio halina uchawi. Kichwa kikitazama mbele, linakaa kati ya mstari wa nyusi na chini ya pua. Kikigeuka upande, linaanza nyuma ya katikati ya kichwa na kulalia nyuma kidogo. Unataka kuliacha bila kulimaliza? Brashi bapa, miguso mitatu. Rangi ya kati ya ngozi, yenye wekundu uliozidi kidogo ule wa shavu, kwa sababu sikio ni jembamba na damu iko karibu. Giza chini ya ukingo wa juu. Mwanga mmoja kwenye ndewe. Basi, weka brashi chini. Jicho la anayetazama litasoma sikio zima kutokana na hivyo vitatu, na hapo ndipo unaweza kusema umemwachia amalizie. Huyu kamwachia jina.

Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Hapa saini imevipita vyote viwili.

Jeso Tatu
Una haki ya kuwaka, mkuu. Mimi hiyo nyekundu ndiyo inayonikera. Mkia wa saini umeshuka hadi chini ya taya, na pale hakuna jeso, ni kitambaa kitupu. Tazama pembeni ya herufi mbili za mwisho, tayari kuna duara la mafuta linatambaa. Mafuta ya kitani yakiingia kwenye kitambaa kisicho na kinga, nyuzi zinageuka kahawia, kisha zinakauka na kuwa dhaifu. Akitaka rangi ya kitambaa ionekane, angepaka kwanza gundi ya akriliki isiyo na rangi, mikono miwili, mkono wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili. Kitambaa kinabaki na sura yake na mafuta hayazami. Sehemu iliyoachwa tupu inataka maandalizi kuliko iliyopakwa, maana haina pa kujificha.

Kivuli Kwanza
Turubai Kavu, kaka, tulia. Insha nzima kwa ajili ya sikio la mtu usiyemjua! Sikio la kufa halisikii dawa, na la kwako halisikii historia. Mchoraji Gilbert Stuart alianza sura ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, mwaka 1796, akaiacha kichwa na mandhari kidogo, hakuimaliza mpaka anakufa mwaka 1828. Sura hiyo ndiyo iliyo kwenye noti ya dola moja ya Marekani. Mchoraji Mmarekani Alice Neel mwaka 1965 alimchora kijana aliyeitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Kichwa na mkono vimepakwa, mwili wote ni mistari. Kijana hakurudi kukaa mara ya pili, Neel akasema picha imekwisha. Nao walishindwa sikio?

Turubai Kavu
Umenisaidia bila kujua. Stuart aliishikilia ile picha makusudi, alikuwa akitoa nakala nyingi kutoka kwayo na kuziuza. Neel alipoteza mtu wa kumchora. Ongeza Cézanne, mchoraji Mfaransa: mwaka 1899 alimkalisha Vollard, muuza picha, mara 115, na akaacha vidoa viwili vya turubai tupu kwenye mkono, akisema akiweka rangi isiyo sahihi pale atalazimika kuanza picha yote upya kutokea hapo. Vidoa viwili, baada ya vikao 115! Kila mmoja alijua kwa nini kaacha, na pengo lilibaki pengo. Nionyeshe hata mmoja aliyefuta kiungo cha mtu akapanda jina juu yake. Kwa wino mwekundu wa mwalimu anayesahihisha!

Mizani ya Mwanga
Ubaya wa ile saini ni kwamba inaiba jicho. Kwenye picha ya nusu, mahali penye tofauti kali zaidi ya rangi ndipo macho yanapokimbilia. Inatakiwa iwe kwenye jicho la mbele: giza zito la kope, nukta moja ya mwanga, kila kitu kingine kilegee kadiri unavyokwenda mbali. Yeye kaweka nyekundu kali juu ya nyeupe tupu pembezoni mwa kichwa. Umemwona mama kwa nusu sekunde, halafu unasoma jina. Saini ilitakiwa iwe ndogo, kona ya chini, kwa rangi iliyokwishatumika ndani ya picha.

Ila mkimaliza naye, tuje kwa ndugu zake wa upande wa pili, wanaomaliza KILA KITU. Kope zote zimehesabiwa, kila kitundu cha ngozi, kifungo cha shati kina makali sawasawa na mboni. Na weupe wa jicho wanaupaka nyeupe ya kopo! Weupe wa jicho ni kijivu chenye joto, juu unaangukiwa na kivuli cha kope. Ukiupaka mweupe, mtu anaonekana kashtuliwa usingizini. Hao ni kero kubwa kuliko sikio.

Mkaa Laini
Kubwa kuliko wote ni wanaoacha mkaa wa kuchorea uonekane chini ya rangi bila kuushikiza. Unaona mstari mzuri wa taya, unapita mkono mmoja wa rangi ya ngozi, shavu linageuka rangi ya maiti. Vumbi la mkaa limechanganyika na mafuta. Pangusa kwanza kwa kitambaa kikavu mpaka ubaki mzimu wa mstari, kisha nyunyiza dawa ya kushikiza ukiwa umbali wa sentimita 30 hivi, mara mbili nyepesi. Ukinyunyiza karibu inachuruzika na mstari unakwenda nayo. Au pita juu ya mstari kwa amba, ile rangi ya kahawia ya udongo, iliyolainishwa, isubiri ikauke, futa mkaa wote. Amba inakauka haraka kwa sababu ya manganizi iliyomo.

Turubai Kavu
Jamani, mada ni SIKIO. Mtu kasaini kwenye sikio!

Amba Mbichi
Amba imetajwa, basi na hii isemwe: yale machozi ya rangi yanayoshuka kutoka kidevuni, kila mtu sasa anayaiga. Wanamimina tapentaini, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, mpaka rangi iwe kama chai. Tapentaini ikiruka, mafuta yaliyobaki hayatoshi kushika chembe za rangi. Pitisha kidole baada ya wiki chache, kinatoka na unga. Tabaka la kwanza jembamba, sawa, lakini rangi lazima ikamate kitambaa. Kila tabaka la juu liwe na mafuta kuliko la chini yake, ukigeuza mpango huo picha inapasuka.

Kivuli Kwanza
Hapo nakuunga mkono, Amba. Na vanishi je? Ukiipaka juu ya picha yenye sehemu tupu inatoka mabaka.

Jeso Tatu
Lazima, dada. Jeso inanyonya, rangi ya mafuta hainyonyi, kwa hiyo utapata kung'aa huku na kufifia kule. Ama uache bila vanishi, ama uzibe zile sehemu tupu kwa gundi ya akriliki kabla ya kuanza kuchora. Baada ya kuchora usijaribu, akriliki haishiki juu ya mafuta. Na rangi nene isubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya vanishi, kukauka kwa kugusa ni kukauka kwa ngozi tu.

Turubai Kavu
Hakuna anayeona kwamba hata hilo sikio lililofutwa lilikuwa chini ya mstari wa pua?

Mkaa Laini
Jeso Tatu, turubai likilegea kwenye fremu baada ya mikono yote hiyo? Wengine wanasema lilowanishe nyuma.

Jeso Tatu
Usilowanishe! Linakaza siku ile, likikauka linalegea tena, na jeso mbele inaweza kupata nyufa. Tumia kabari, vile vipande vya mbao vya kona, viwili kila kona, vinane jumla. Ingiza kadi ngumu kati ya kitambaa na mbao ili nyundo isikigonge. Gonga kidogo kidogo, kona zote kwa zamu, ukikaza moja peke yake fremu inapinda.

Mkaa Laini
Na kabari zikidondoka?

Jeso Tatu
Zinadondoka zikilegea, na zikinasa chini kati ya kitambaa na mbao zinafanya uvimbe mbele. Zitoe mara moja, zirudishe, kisha pitisha uzi katika kila kabari uufunge kwenye pini ndogo iliyo kwenye fremu.