Nyanya zimeninyaukia zote, bamia zimenitoa kimasomaso. Msimu ujao nifanyeje? (Mtwara mjini)

ChunoBustani:
Wakuu habari za saa hizi, naomba ushauri kabla mvua hazijaanza. Niko Mtwara mjini maeneo ya Chuno, nyuma ya nyumba nina kaeneo, si kakubwa, na udongo wetu mnaujua wenyewe, mchanga mtupu, ukimwaga ndoo ya maji imezama hujageuka. Mvua zilipokata mwezi wa tano nikaanza kulima, kipupwe chote namwagilia maji ya kisima.

Nianze na mazuri. Bamia jamani! Nachuma leo keshokutwa nachuma tena, ukizembea tu zinakomaa kisu kinagoma. Mchicha sokoni nimesahau bei yake, majirani wanakuja na mia mbili zao wanajichumia. Matembele nilichomeka tu pale maji ya bafuni yanapotokea, saivi yanataka kuingia ndani.

Sasa nyanya. Zilianza vizuri zikachanua zikabeba mpaka nikawa namtambia shemeji, halafu mche mmoja mmoja ukawa unalegea mchana jua likiwaka, jioni unajikaza, asubuhi uko poa, mchana tena chini. Baadae majani ya chini yakawa njano na matunda yakadumaa. Nikaongeza maji, wapi. Duka la pembejeo wakanipa dawa ya ukungu nikapuliza, wapi, hela imeenda. Na matango nayo majani yameungua kingo yamekuwa kahawia, sijui ni kitu kilekile.

Je niachane na nyanya au kuna namna?

BabuMitwero:
Pole sana kijana wangu. Usinunue dawa nyingine kabla hujaangalia mizizi, watu wengi wanatibu majani wakati ugonjwa uko chini. Chukua jembe ung'oe mche mmoja unaolegea, usiuvute kwa mkono mizizi itakatika, halafu oshea kwenye ndoo. Ukikuta vinundu, ni minyoo fundo, vile viminyoo vidogo vya udongoni vinavyoingia kwenye mizizi. Ukikuta mizizi haina vinundu, kata kipande cha shina karibu na ardhi urefu wa kidole, kishike ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa, dakika chache tu. Ikiwa ni mnyauko bakteria utaona utelezi mweupe unashuka kutoka pale ulipokata. Hiyo haina dawa dukani, wakikuuzia wanakula hela yako.
Lete majibu.

Mswahili_wa_Mikindani:
Matango hayo ni chumvi mkuu. Onja maji ya kisima chako. Huku kwetu pwani kabisa visima vingine vina chumvi mpaka chai inaharibika, na udongo ukikauka unabaki na ukoko mweupe juu. Panda spinachi na mchicha, hizo zinavumilia, maharage ndo usijaribu kabisa.

TandahimbaKwetu:
@Mswahili sio kila kitu chumvi kaka 😂 ingekuwa chumvi na nyanya zingeungua kingo hivohivo. Mleta mada jirani hapo hakuna mikorosho? Maana matango, maboga, matikiti, jamii yote hiyo salfa, ule unga wa dawa unaopulizwa kwenye mikorosho, inaweza kuyaunguza. Watu wanapuliza alfajiri umande ungali upo, upepo kidogo tu unga wote unaingia kwako, jua likipanda majani yanababuka. Huku sisi maboga tunayaweka mbali na mikorosho msimu wa kupuliza, mwenye eneo dogo anasubiri waishe ndo apande.

ChunoBustani:
Nimerudi wakuu. Maji ya kisima hayana chumvi, tunakunywa sisi na wapangaji. Ila mikorosho ipo, tena upande wa kusini, na kusi ilivyokuwa inavuma miezi ile basi nimeshajua. Asante sana TandahimbaKwetu.

Nyanya nimeng'oa. Babu mizizi inatisha, imevimba imejikunja kama tangawizi, vinyweleo vile vidogo vya kunyonyea maji karibu vyote hakuna. Na nilipokata kinundu kimoja kwa wembe ndani mna vidoa vyeupe vinang'aa, vidogo sana kama hutazami huvioni. Glasi nayo nimejaribu, maji yamebaki safi.

BabuMitwero:
Basi ni minyoo fundo, na hivyo vidoa ni majike yenyewe. Inapenda mchanga na joto, na huku kwetu vyote tumejaliwa. Ndo maana ulimwagilia bure, maji yapo ila mzizi hauwezi kunywa.
Nikuulize, hapo penye nyanya kabla yake palikuwa na nini?

ChunoBustani:
Bamia za mwaka jana babu. Mwaka huu nikazihamishia upande wa pili.

BabuMitwero:
Nilijua. Bamia zako ndo zinazofuga hiyo minyoo. Inazaliana vizuri kwenye bamia, na mche ukishakuwa na nguvu na maji ya kutosha unaendelea kuzaa tu hushtuki, anayekuja nyuma yake ndo anakufa. Ng'oa hizo bamia uone mizizi, nadhani utakuta hivohivo.

Fanya hivi. Mizizi yote ng'oa uchome, usitupe kwenye mboji. Udongo ugeuze sasa hivi jua hili kali liupige mpaka ndani, rudia kila baada ya siku kadhaa mpaka mvua. Mvua zikianza weka ufuta au karanga, minyoo hii haishamiri huko, na bangi mwitu (si ile ya kuvuta) ikijiotea wala usiing'oe. Usiweke choroko, kunde wala biringanya, zote zinashikwa. Halafu samadi iliyooza vizuri, nyingi, mchanga haushibi.

MamaWawili_Ligula:
Ufuta nyuma ya nyumba jamani 😂😂 na kuku wa jirani je? Mi nyanya nimeshaziacha nanunua sokoni, napanda pilipili zangu basi.

BabuMitwero:
Mama pilipili nazo zinashikwa, chungulia mizizi.

MamaWawili_Ligula:
Babu niache nilale 😩

ChunoBustani:
Sasa babu hamu ya nyanya nayo? Nikipanda kwenye viroba vya saruji nikachukua udongo kwingine?

TandahimbaKwetu:
Inawezekana kabisa, udongo chukua mahali pasipolimwa mboga, na mbegu tafuta Tengeru 97, hiyo inavumilia minyoo kuliko hizi za kawaida. Kitalu usikioteshe hapohapo mchangani kwako maana utahama na minyoo yako. Toboa kiroba chini maji yatoke, halafu kiweke juu ya matofali, kikikaa chini mzizi unapita kwenye tundu unaingia mchangani na kazi yote inakuwa bure.