MREJESHO: Mchungaji mmoja, mitaa minne

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mwezi uliopita niliuliza nishike lipi: misiba, wagonjwa, vikao vya ujenzi au maandalizi ya mahubiri, maana mitaa ya kanisa ninayoihudumia ni minne na mchungaji ni mimi mmoja. Mlinielekeza Matendo 6, mitume walivyokabidhi huduma ya mezani kwa watu saba. Nimefanya hivyo. Ujenzi sasa wanao wazee wa kanisa. Fundi hanipigii tena. Ila wagonjwa sijakubali kuwaachia wengine. Juzi nilikaa saa nzima na bibi mmoja huku Igombe, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria, kanishika kidole, hatukusema neno. Semina ya wavuvi tumeihamishia siku za mbalamwezi, maana siku hizo dagaa hawavuliwi na watu wapo mwaloni, pale ufukweni wanaposhushia samaki. Misiba bado inanielemea. Jumamosi ilikuwa miwili.