Blokcheni itamkamata anayeiba umeme?

Mkaazi wa Wete
Assalaam alaykum. Kuna pendekezo la kutumia blokcheni (mnyororo wa rekodi za kidijitali, unaotunzwa na kompyuta kadhaa) kwenye transfoma yenye uwezo wa 100 kVA, nyumba 120, tujue umeme unapotelea wapi. Wateja wote wako Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla. Kianze kufungwa nini?

Fundi Laini
Waalaykum salaam. Ianze mita ya jumla, upande wa volti 400, na CT (vifaa vya kupunguza mkondo ili mita iweze kuupima) za 150/5, maana 100 kVA ni kama ampea 144 kwa fezi. Kizidisho cha usomaji wa mita ni 150 kwa 5, yaani 30. Mtu akikosea akaandika 40, kila uniti 100 zitasomeka 133, na mtaa mzima utaitwa wezi bure.

Kila nusu saa toeni jumla ya mita za nyumba kwenye ile ya transfoma. Saa za mita zote ziwe sawa. Wala msipange asilimia ile ile ya upotevu kutwa nzima: mkondo ukizidi mara mbili, upotevu kwenye waya huzidi mara nne, kwa hivyo baada ya magharibi pengo hupanuka hata bila ya mwizi.

Mwana Programu
Blokcheni haimuoni mwizi. Kazi yake ni rekodi isichezewe baada ya kuingia. Aliyeunga kabla ya mita, mita yake inasema uongo tangu mwanzo, na uongo huo utahifadhiwa vizuri sana!

Nyumba 120 ni rekodi 5,760 kwa siku. Zibaki kwenye hifadhidata. Mnyororoni iingie heshi moja (alama fupi inayokokotolewa kutoka rekodi zote) ya baiti 32 kila nusu saa. Na kama nodi zote, yaani kompyuta zinazotunza mnyororo, ni za taasisi moja, hifadhidata yenye saini za kidijitali inatosha.

Mkaazi wa Wete
Mita zetu nyingi ni za kubonyeza tokeni tu, hazitumi kitu.

Fundi Laini
Basi blokcheni haina cha kula. Linganisheni tokeni zilizouzwa na mita ya jumla kwa miezi mitatu, kwani mtu hununua leo akatumia mwezi ujao. Pengo likiwa kubwa, fundi apande nguzo na klampu mita, kipimo kinachokumbatia waya na kusoma mkondo. Waya wa nyumba ukisoma ampea 14 na mita ndani inaona 3, mita imerukwa. Kisha aikumbatishe fezi na nyutro (waya wa kurudishia mkondo) pamoja: isome sifuri. Isiposoma sifuri, mkondo unarudi kwa njia ya ardhi. Huenda ni wizi, huenda ni waya uliochubuka ukutani. Afungue kwanza, ndipo amtaje mtu.