Ushauri: Studio ya kurekodia nyumbani, nizuieje sauti isipenye na nikitengenezeje chumba kwa ndani?

MlioSafi (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi. Ninaomba ushauri kabla sijaanza ujenzi ambao itakuwa vigumu kuubomoa baadaye. Nina chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7, ambacho ninataka kukigeuza kuwa studio ya kurekodia waimbaji, gitaa na, mara mojamoja, ngoma. Kuta ni za matofali yaliyopigwa lipu, mlango ni wa mbao nyepesi wenye uwazi ndani, dirisha linatazama barabara, na ukuta mmoja mrefu tunauchangia na jirani ambaye ana mtoto mchanga. Ninataka kelele za barabara zisiingie kwenye maikrofoni, na jirani asisumbuliwe tukifanya kazi usiku. Karibu kila niliyemuuliza ameniambia nibandike sponji kuta zote. Je, inatosha?

FundiUkuta

Ndugu mleta uzi, haitoshi, na ni vyema umeuliza mapema. Sponji hupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini haizuii sauti kutoka wala kuingia, kwa sababu ni nyepesi na hewa hupita ndani yake. Kinachozuia sauti ni uzito, kuziba mianya, na kutenganisha ukuta mmoja na mwingine ili mtetemo usipate daraja la kuvukia.

Uzito peke yake una kikomo. Ukiuongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata takriban desibeli 6 tu za ziada (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo kuunenepesha ukuta ambao tayari ni wa matofali ni gharama kubwa kwa faida ndogo. Njia bora ni kusimamisha fremu ya pili mbele ya ukuta wa jirani bila kuugusa hata kwa skrubu moja, kuijaza pamba ya mawe (nyuzi za mawe zilizoshonana kama godoro), kisha kuifunika kwa tabaka mbili za mbao za jipsamu ambazo viungo vyake havikutani. Hewa iliyobaki katikati hufanya kazi ya springi, na kila springi yenye uzito pande zote mbili ina masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (hezi), ambayo hutetemeka kwayo kirahisi. Kwa ukuta wa matofali wenye takriban kilo 280 kwa mita ya mraba na jipsamu ya kilo 20, nafasi ya sentimita 10 huyaweka masafa hayo karibu na hezi 44. Ukiibana nafasi hiyo hadi sentimita 2, yanapanda hadi karibu hezi 98, yaani katikati kabisa ya eneo la gitaa la besi na ngoma kubwa, na hapo ukuta mpya unaweza kupitisha sauti zaidi kuliko ulivyokuwa mwanzo. Kwa hiyo usione uchungu kupoteza sentimita chache za upana.

Tahadhari moja: usijenge tabaka tatu zenye nafasi mbili za hewa ukidhani kwamba nyingi ni bora. Uzito uleule na unene uleule ukigawanywa hivyo hufanya vibaya zaidi kwenye sauti nzito.

SikioTulivu

Ninakubaliana na FundiUkuta, ila mimi ningeanza na mlango. Sauti hutafuta upenyo kama maji. Chukua mlango wa mita 2 kwa sentimita 80 wenye mwanya wa sentimita 2 chini: mwanya huo ni asilimia 1 ya eneo lote, na asilimia 1 iliyo wazi inatosha kukushusha hadi kuzuia takriban desibeli 20 tu hata kama mlango wenyewe ungeweza kuzuia 50. Weka mlango mzito usio na uwazi ndani, wenye mpira wa kuziba pande zote nne, chini pakiwemo. Dirishani ongeza kioo cha pili kilicho kizito, chenye unene tofauti na cha kwanza, ukiache mbali kadiri uwezavyo.

MlioSafi

Ninawashukuru sana. Je, kwa ndani sasa nifanye nini? Pia sijui nianzie wapi kati ya hayo yote.

BesiNaRobo

Kwa ndani, adui yako mkuu ni sauti nzito. Chumba chako kitavuma hasa kwenye hezi 43, 57 na 64, kwa sababu mawimbi yenye urefu mara mbili ya kila kipimo cha chumba husimama kati ya kuta zinazotazamana. Vipimo vitabadilika kidogo baada ya ukuta mpya, lakini tabia itabaki. Pamba hufyonza vizuri zaidi katika umbali wa robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani, na kwa hezi 100 robo hiyo ni sentimita 86. Sponji ya sentimita 5 haigusi hapo. Itakula sauti nyembamba za juu tu na kukuachia chumba chenye besi iliyofura. Jaza kona kwa pamba ya mawe nene, kuanzia sakafuni hadi darini. Kwa kuta za pembeni, kaa mahali pako pa kusikilizia, mtu mwingine asogeze kioo cha kujitazamia ukutani, na pale unapoiona spika ndani ya kioo, tundika paneli ya sentimita 10 ukiiacha mbali kidogo na ukuta.

Kanuni ya mwanafizikia Wallace Clement Sabine, aliyeanza utafiti wake huko Harvard mwaka 1895, hukupa makadirio: ili mwangwi wa chumba hiki ufifie ndani ya sekunde 0.3, unahitaji ufyonzaji unaolingana na takriban mita za mraba 17 za eneo linalomeza sauti yote. Katika chumba kidogo namna hii kanuni hiyo haiaminiki kwa besi, ila kwa sauti za waimbaji inasaidia.

FundiUkuta

Ninaongeza mambo mawili. Chumba kilichozibwa hakina hewa, kwa hiyo panga njia ya hewa kuingia na nyingine ya kutoka, kila moja ikipita kwenye sanduku lenye kona na pamba ndani, na bomba liwe pana ili hewa iende polepole bila kuvuma.

Pili, kuhusu pa kuanzia: kabla ya kununua chochote, rekebisha mlango, cheza besi kwa spika, kisha umwombe jirani ruhusa usikilize upande wake kwa kuweka sikio ukutani, sakafuni na karibu na dari. Ikiwa mvumo unapita pia sakafuni au darini, ukuta mmoja hautakuokoa, na ngoma za usiku zitahitaji chumba kamili ndani ya chumba, chenye sakafu yake inayokaa juu ya mpira. Ikiwa unapita ukutani tu, anza na ukuta huo.