Tupeane uzoefu: kumtetea mtu asiye na hela ya wakili, mara ya kwanza mlionana wapi?

Msomi wa Temeke

Habari za jioni wakuu.

Mi ni wakili hapa Dar, huu mwaka wa tisa niko kwenye hii kazi. Karibu kila mwaka napangiwa na mahakama kesi za mauaji za watu wasio na uwezo, zile sisi wenyewe tunaziita doki brifu. Huku kitaa watu wanasema "kapewa wakili wa serikali", hapana jamani, wakili wa serikali ndo huyo anayekushtaki, anasimama upande wa Jamhuri. Sisi ni mawakili wa kujitegemea tu, Mahakama Kuu ikipanga kikao cha kesi za mauaji majina yetu yanagawiwa kwenye mafaili, na malipo ni kidogo sana tena yanachelewa. Hatuna ofisi ya mawakili walioajiriwa kazi yao iwe kutetea masikini peke yake kama walivyo nayo wenzetu Marekani.

Sasa nianze na mimi. Kesi yangu ya kwanza faili nililipata Ijumaa mchana, usikilizwaji wa awali ni Jumatatu asubuhi. Mteja nikaonana naye hiyo hiyo Jumatatu, mahabusu ya mahakama, yeye ndani ya nondo na mimi nje, karandinga limeshusha watu muda si mrefu kelele mtindo mmoja. Nikamwambia mimi ndo wakili wako. Akaniangalia, akasema "afande, mi nilishasema yote kule kituoni". Nimevaa suti nyeusi na shingoni nina zile bendi nyeupe na bado ananiita afande. Nikamwambia mimi sio askari. Akanyamaza kabisa, hakunijibu tena neno hata moja mpaka tunaitwa juu.

Baadae ndo nikaja kuelewa. Kule kituoni kuna mtu alimwambia "sema tu sisi tupo hapa kukusaidia", akasema, wakaandika, akaweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakuisoma kwa sababu hajui kusoma. Alikuwa ameshakaa ndani miaka minne, na kwa miaka minne yote hiyo kila mtu aliyemfata akimwambia nimekuja kukusaidia alikuwa anaondoka na kitu chake.

Nikamwomba jaji ahirisho, akanipa siku tatu. Kesho yake nikaenda gereza la Keko. Sikufungua faili, tukaongea kuhusu kwao Kilwa, mama yake yuko hai au la, nani anamletea sabuni (hakuna). Siku ya pili nikarudi ndo akaanza kusema mwenyewe. Ilikuwa ugomvi kwenye banda la pool, marehemu alimfata na chupa iliyovunjwa, yeye alikuwa na fimbo ya pool mkononi akapiga mara moja. Kwenye yale maelezo ya onyo, yaani yale aliyoandikiwa polisi, ile chupa haipo kabisa. Na nilipoangalia tarehe, kakamatwa Jumanne jioni, maelezo yameandikwa Alhamisi, wakati sheria inataka yachukuliwe ndani ya masaa manne toka mtu awekwe chini ya ulinzi, zaidi ya hapo muda uwe umeongezwa kwa utaratibu. Tukapigana, ikaendeshwa kesi ndani ya kesi, yaani kusikiliza kwanza kama maelezo hayo yapokelewe, na yakakataliwa. Mwisho akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mauaji ya kukusudia adhabu yake ni moja tu kwenye vitabu vyetu, kunyongwa, jaji hana pa kuchagua. Hili lingine jaji ana nafasi ya kupima, akapima na ile miaka minne aliyokaa ndani, akampa mitatu.

Ninachotaka kusema ni hiki, ile chupa ningeikosa. Kama ningeingia pale Jumatatu na faili langu nikajibu "hatuna pingamizi mheshimiwa" kama nilivyoona baadhi ya wenzangu wanafanya, ile chupa isingesikika popote na yule kijana angenyongwa kwa karatasi. Toka siku hiyo sianzi kesi ya mtu kabla sijamfata gerezani mara mbili, nauli natoa mfukoni.

Karibuni mawakili, wasaidizi wa kisheria, ndugu wa washtakiwa, na hasa nyie mliowahi kusimama kizimbani wenyewe. Mlionana wapi na mtetezi wenu mara ya kwanza, na mlionana kwa muda gani?

Mama Msomi

Asante kaka kwa kuanzisha hii.

Wa kwangu nilimkuta gereza la Segerea upande wa wanawake, binti wa miaka 20, alikuwa dada wa kazi kwa watu huku mjini, kesi ya mauaji ya mtoto wake mwenyewe aliyemzaa usiku peke yake chooni kwenye nyumba ya mwajiri na hakuna aliyejua kama ana mimba. Mara ya kwanza tumekaa nusu saa hakuniambia chochote. Nikamuuliza unahitaji nini, kwa sauti ya chini sana akasema pedi. Yani mtu ana kesi ya kunyongwa na jambo la kwanza kuniomba ni pedi, na alikuwa anaona aibu. Nikarudi na pedi, sabuni ya kipande na kanga, tena nikakaa naye bila kuuliza kesi. Ziara ya tatu akaniambia nilisikia kelele kichwani siku mbili baada ya kujifungua, sikumbuki vizuri.

Wasomi wengine wachanga wanasahau kwamba sheria yetu ya adhabu ina kosa la peke yake kwa mama aliyemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 wakati akili yake imeyumba kutokana na kuzaa. Adhabu yake inakuwa kama ya kuua bila kukusudia, haihusiani na kitanzi. Lakini hati ya mashtaka ilikuwa imeandikwa mauaji tu, na kama hakuna mtu wa kusema, inabaki hivyo hivyo. Nikaandika barua upande wa mashtaka nikaambatanisha ripoti ya daktari, nikafatilia, nikaandika tena. Hati ikabadilishwa. Akakiri hilo kosa dogo, jaji akamwachia kwa sharti asitende kosa kwa miezi 12. Alitoka na ile kanga yangu, nikampakiza basi la Singida mimi mwenyewe.

Kijana wa Feri

Nyie mnaongelea kesi za mauaji, hao angalau wanapewa mtu. Mimi nilikuwa na unyang'anyi wa kutumia silaha, ile haina dhamana, na ukipatikana na hatia kiwango cha chini ni miaka 30, lakini inasikilizwa mahakama za chini na mimi hakuna wakili niliyepewa. Nilisimama mwenyewe.

Niwaambie inavyokuwa. Shahidi anamaliza kuongea, hakimu anakugeukia anakuuliza mshtakiwa una maswali kwa shahidi? Mimi nikasema mheshimiwa huyu anadanganya sikuwepo. Hakimu akasema uliza swali. Nikasema tena anadanganya. Akasema muda wako wa kujitetea utakuja, sasa hivi uliza swali. Nikatafuta swali kichwani sikuliona, mikono inatetemeka kwenye zile mbao za kizimba, nikasema sina swali. Ikaandikwa hana swali. Mashahidi wanne wote hivyo hivyo.

Usiku ule mimi nilikuwa soko la samaki Feri tunashusha samaki mpaka alfajiri, niko na watu kama sita. Nikayasema hayo siku ya kujitetea. Kumbe sheria inataka kama unadai hukuwepo eneo la tukio utoe taarifa mapema kabla kesi haijaanza kusikilizwa, mimi ningejulia wapi? Hukumu ikasema utetezi wangu umekuja mwishoni kama kitu cha kufikiria baadae. Miaka 30. Nilikuwa na miaka 24.

Aliyenisaidia kwanza hakuwa wakili, ni mzee mmoja mfungwa, usiku ule ule wa kwanza gereza la Ukonga akaniambia kijana kesho asubuhi sema unakata rufaa, notisi ni siku kumi usizipoteze, rufaa yenyewe siku 45 toka upate nakala ya mwenendo, yale maandishi ya kila kilichosemwa mahakamani. Nilifanya hivyo. Mwenendo wenyewe ulichelewa mno. Mwaka wa sita ndo akaja dada mmoja wakili wa kujitolea, tumeonana kwenye kibenchi gerezani, ana ule mwenendo wangu amepiga mistari ya kalamu nyekundu. Hakuniuliza kama nilifanya au sikufanya. Aliniuliza "ile taa ilikuwa wapi?" Sikuelewa. Akanionyesha ukurasa, shahidi amesema alinitambua usiku "kwa mwanga wa taa". Taa ya aina gani, inawaka mbali kiasi gani, aliniona kwa dakika ngapi, alikuwa ananijua kabla? Hakuna hata kimoja kwenye karatasi. Akaniambia kuna kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilishasema utambuzi wa usiku bila hivyo vitu usiaminiwe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa.

Mahakama Kuu wakaniachia. Mama yangu alishafariki mwaka wa tatu nikiwa ndani, walimzika bila mimi. Ila yule dada sitamsahau, nilikaa miaka sita watu wananiuliza kwa nini ulifanya, yeye kauliza taa.

Msomi wa Temeke

Pole sana kijana, pole kwa mama. Hapo umegusa penyewe.

Naomba wote wanaosoma washike hili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 haijasema wakili ni wa kesi za mauaji tu. Jaji au hakimu akiona haki inataka mshtakiwa apate wakili, na mshtakiwa hana uwezo, anaweza kuagiza apewe. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha mwaka 2015 kwenye kesi ya Alex Thomas dhidi ya Tanzania, nayo ilikuwa unyang'anyi wa silaha na miaka 30, walisema wazi kwamba kutompa msaada wa wakili ni kuvunja haki yake. Kwahiyo ukiwa na ndugu mwenye kesi kama hiyo mwambie siku ya kwanza kabisa kesi inatajwa asimame aseme "mheshimiwa sina uwezo, naomba mahakama inisaidie wakili". Aseme hivyo hivyo kwa Kiswahili, toka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili. Iandikwe kwenye mwenendo. Hata akikosa, rufaani itaonekana aliomba.

Msaidizi Mbagala

Mimi ni msaidizi wa kisheria, mahakamani siruhusiwi kumsimamia mtu ila polisi na nyumbani kwa watu nafika kabla ya wakili yeyote. Nachokutana nacho kila wiki ni ndugu ameshauza kiwanja kumlipa kishoka anayejiita wakili, au ametoa hela ya dhamana kituoni. Dhamana ya polisi ni bure wakuu. Na kabla hujampa mtu hela ya uwakili muulize namba yake ya uwakili ukahakikishe.

Dogo wa Lo Skuli

Shikamooni. Niko mwaka wa mafunzo, nina swali linanikosesha usingizi, mteja akikwambia kabisa wakili mi kweli nimefanya, unamteteaje?

Mama Msomi

Marahaba mwanangu. Humpandishi kizimbani akadanganye, hiyo hapana. Lakini kazi ya kuthibitisha pasipo shaka ni ya Jamhuri na wewe unahakikisha wanaifanya. Na "nimefanya" ya mteja sio hati ya mashtaka. Yule binti wangu naye alisema nimeua. Alikuwa sahihi, ila kosa aliloshtakiwa nalo silo alilotenda. Muulize alifanya nini, saa ngapi, kabla yake kulikuwa na nini. Kaa umsikilize mpaka amalize.

Mama Zuhura

Samahanini mimi sio mwanasheria, mjukuu wangu ananisomea huku. Kijana wangu yuko mahabusu kesi ya mauaji, wiki iliyopita nimepigiwa simu na wakili aliyepangiwa, ni mtu wa kwanza kunipigia toka achukuliwe, sijui cha kumwambia. Anakuja kesho nyumbani Yombo. Nimwandalie nini?

Msomi wa Temeke

Shikamoo mama. Usimwandalie chochote cha kula wala hela. Kijana ana miaka mingapi?

Mama Zuhura

Marahaba baba. Polisi waliandika 19, ila mimi nimemzaa mimi, siku ile alikuwa hajamaliza 17.

Msomi wa Temeke

Mama hilo ni jambo kubwa kuliko vyote. Mtoto wa chini ya miaka 18 hahukumiwi kunyongwa, na hata pa kumshikilia sio gereza la watu wazima, kuna mahabusu ya watoto Upanga. Mwambie wakili hilo kabla hajakaa. Una cheti cha kuzaliwa?

Mama Zuhura

Cheti hatukuwahi kuchukua. Ninayo kadi ya kliniki, mchwa wamekula pembeni lakini tarehe inasomeka na muhuri wa zahanati upo. Nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro.

Msomi wa Temeke

Iache hapo hapo, usimpe mtu mwingine yeyote. Kesho mpe yeye mkononi, na akiipiga picha muombe akuachie nakala. Halafu rudi hapa utuambie alikaa muda gani.