Tupeane uzoefu: Namugongo kwa baiskeli, mnafunga nini kwenye karia?

Mwana wa Kagera
Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Kila ikikaribia Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, habari ni za mahujaji wanaokwenda kwa miguu Namugongo, kwenye madhabahu yao karibu na Kampala. Sisi wa baiskeli hatusemwi, na ndio wenye kesi ya mizigo. Mwenye miguu begi likimwelemea analipunguza siku hiyohiyo. Baiskeli inabeba tu, hailalamiki, mpaka spoki zianze kukatika mlimani.

Kikundi chetu cha parokiani hupita Bukoba, Kyaka, Mutukula, Masaka, hadi Kampala, kama kilomita 300 na kitu. Sheria yetu ni moja: mgongoni hakuna kitu. Begi la mgongoni linalowesha jasho na uzito wote unashukia makalioni. Mzigo unakaa kwenye karia, nusu kushoto nusu kulia, vizito chini. Nguo za barabarani pea mbili, unafua jioni unaanika juu ya mzigo asubuhi. Ya misa moja. Sweta, kwa sababu tunaondoka alfajiri. Mwenye zaidi ya kilo 10 anarudishwa nyumbani akapunguze, hata awe mwenyekiti.

Haya, wengine mnafungaje?

Fundi Spoki
Mwenyekiti kurudishwa nimeipenda.

Mimi naongelea chuma. Wengi wanauliza baiskeli gani nzuri. Nzuri ni ile ambayo tyubu yake inapatikana dukani kijijini. Ile ndefu ya gia moja, ringi 28, vifaa vyake utavipata njiani bila shida. Ukija na ile ya mashindano yenye tairi jembamba na mdomo wa tyubu mwembamba, beba tyubu za kutosha toka nyumbani, na pampu yake, maana pampu ya fundi wa barabarani huenda isiingie.

Beba: tyubu moja nzima, viraka na gundi, msasa, pampu, spana za nati zako (zijaribu kabla, spana namba 15 haifungui nati ya 14), spoki chache za gurudumu la nyuma zifungwe kando ya fremu, vipande vya cheni, waya wa breki, kichupa cha oili. Na vipande virefu vya tyubu kuukuu. Hivyo vinafunga mzigo kuliko kamba yoyote, kwa sababu vinavutika na barabara mbovu na havilegei.

Gurudumu la nyuma likazwe spoki wiki mbili kabla, siyo jana yake. Ukishakaza, endesha ukiwa na mzigo kamili, halafu rudi kwa fundi akaze tena. Ukijaribu baiskeli tupu hujajaribu kitu. Breki pia: ikiwa na mzigo kwenye mteremko inakuwa baiskeli nyingine kabisa.

Mama Rozari
Milele amina. Wanangu mmesahau makalio. Mafuta ya mgando, mengi, kabla ya kupanda na siyo baada ya kuchubuka. Chupi isiwe na mshono mnene katikati. Akina mama wenzangu, kanga mbili: moja ya kujifunga kanisani, moja ya kulalia, maana mara nyingi tunalala kwenye sakafu ya ukumbi wa parokia. Kitenge kirefu kisiguse cheni. Mimi navaa suruali ndani, na padri hajawahi kusema kitu.

Chandarua, dawa zenu za kila siku, na vipakiti vya chumvichumvi za kuchanganya na maji. Jua la Lwera pale kabla ya Kampala halina kivuli, kushoto na kulia ni kinamasi.

Jirani wa Busia
Habari zenu watu wa TZ. Sisi wa Kenya tunaingilia Busia, tunapita Bugiri, Iganga, Jinja, halafu msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono. Ni karibu kilomita 200. Shida yetu si mzigo, ni malori. Kitu cha kwanza kwenye orodha yangu ni fulana inayong'aa na taa nyekundu ya nyuma, na giza likiingia tunasimama, hatuendeshi. Mabira tunapita asubuhi.

Makaratasi: Mkenya anavuka na kitambulisho, nyinyi mnahitaji pasipoti au hati ya dharura. Kadi ya homa ya manjano wote, na sindano ichomwe angalau siku 10 kabla. Usifunge nguo kwa mifuko ya plastiki, kwa sababu ukirudi nayo Kenya au Tanzania imepigwa marufuku. Kiroba cha salfeti kinatosha.

Kijana wa Iganga
Na jiko muache. Kila mwaka kuna mtu na jiko na sufuria. Njia nzima kuna chapati, mayai, gonja (ndizi za kuchoma) na kuku wa kuchoma. Soko la kando ya barabara la Namawojjolo pekee utashiba.

Mwana wa Kagera
Kijana wa Iganga, mwenye jiko ni mhasibu wetu, anasema anabana bajeti. Tutazungumza naye. Swali: pale Namugongo baiskeli mnaacha wapi?

Jirani wa Busia
Usitegemee kufika nayo getini tarehe 3, watu ni wengi mno na kuna ukaguzi. Tafuteni parokia au familia ya kuwahifadhia mapema, na spana mziache huko. Kisha bakizeni nafasi kwenye karia. Kila mtu anataka kurudi na kidumu cha maji ya Namugongo, na maji ni kilo moja kwa kila lita.

Fundi Spoki
Mkirudi kwa basi: fungueni pedali, geuzeni usukani ulale sambamba na fremu, punguzeni upepo kidogo, na elewaneni nauli ya baiskeli kabla haijapakiwa. Pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha upande wa saa, msije mkaivunja.